Istilahi za Kuhifadhi Vileo: Wiski, Divai na Chupa Iliyokwisha Kufunguliwa

Miongoni mwa maandishi ambayo mfasiri hukabidhiwa bila ya kupewa muda wa kuyatafakari ni maelezo mafupi yanayobandikwa kwenye bidhaa: namna ya kuitumia, namna ya kuihifadhi, na muda wake wa mwisho. Maelezo hayo huwa na mistari mitatu au minne tu, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa ni mepesi. Ukweli ni kinyume chake. Katika mistari hiyo michache kila neno hubeba agizo, na msomaji hana mtu wa kumwuliza. Akielekezwa vibaya atapata hasara ya mali. Na mara nyingine, kama tutakavyoonyesha, atahatarisha maisha.

Katika makala haya tunakusudia kuichunguza lugha ya kuhifadhi vileo, hasa wiski, baada ya chupa kufunguliwa. Hatukulichagua somo hili ili kuhimiza ulevi, na twafahamu kuwa wengi miongoni mwa wasomaji wetu hawaonji kileo kabisa. Hata hivyo mtunza ghala wa hoteli, ofisa wa forodha, karani wa mahakama anayetunza vielelezo na mwalimu wa chuo cha utalii hukutana na chupa hizi kazini, na wote huhitaji maneno ya kuzieleza hali zake. Aidha, somo lenyewe lathibitisha kanuni moja ya kazi ya istilahi: neno halichaguliwi kabla ya jambo lenyewe kueleweka. Anayejua kinachotokea ndani ya chupa hatapata shida kubwa kukipa jina. Asiyejua atasema "kuharibika" kwa kila kitu.

Majina ya vileo vyenyewe

Hatuna budi kuanza na neno mvinyo, kwa kuwa ndilo lenye utata mkubwa kuliko yote. Neno hili liliingia katika Kiswahili kutoka Kireno, ambako maana yake ni kileo cha zabibu. Lilipofika kwetu lilipanuka maana, likawa jina la kileo kikali cha aina yoyote. Wakati huo huo neno divai, lenye asili ya Kifaransa, lilishika nafasi ya kileo cha zabibu, hata likatumika katika tafsiri ya Biblia. Siku hizi magazeti na matangazo ya biashara yamelirudisha mvinyo katika maana yake ya asili, na tunasikia "mvinyo wa Dodoma", yaani kileo cha zabibu zinazolimwa huko. Hivyo neno moja lina maana mbili, na zote mbili ni hai.

Katika mazungumzo utata huo haudhuru, maana wasemaji huiona chupa mbele yao. Katika maelezo ya kuhifadhi hudhuru sana. Tuitazame sentensi hii: "Mvinyo ukifunguliwa utumike katika muda wa siku tano." Kwa kileo cha zabibu agizo hili ni sahihi. Kwa wiski ni agizo la kumwaga mali isiyo na kasoro. Na tukisema, "Mvinyo uliofunguliwa waweza kukaa kabatini mwaka mzima," tumesema kweli kuhusu wiski na kumpotosha mwenye divai. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kuwa katika maandishi rasmi divai litumike kwa kileo cha zabibu, na neno mvinyo liachwe kabisa panapohusika maagizo ya kuhifadhi.

Kwa wiski, brandi, vodka na ndugu zake, jina linalofahamika na watu ni pombe kali. Jina hili lafaa, ila mwandishi anayehitaji usahihi zaidi anaweza kusema pombe ya kukenekwa. Kukeneka ni kukichemsha kileo kilichokwisha kuchachuka, kuukusanya mvuke wake, na kuupoza ili urudi kuwa kioevu. Kitenzi hiki kimo katika lugha yetu, na hapana sababu ya kukitafutia badala. Wiski ya Scotland, kwa mujibu wa kanuni zilizotungwa Uingereza mwaka 2009, lazima ikae katika mapipa ya mti wa mwaloni kwa miaka isiyopungua 3, na iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 40 kwa ujazo. Konyagi ya Tanzania, ambayo jina lake latukumbusha mji wa Cognac nchini Ufaransa, ina asilimia 35. Kuhusu maandishi, Waskoti huandika jina la wiski kwa namna moja na Waairishi kwa namna nyingine, na ubishi huo hautuhusu. Sisi tuna tahajia moja tu: wiski.

Mfasiri ajihadhari na neno spiriti. Katika lugha za Ulaya vileo vilivyokenekwa huitwa kwa jina linalokaribiana na hilo, na kishawishi cha kulichukua ni kikubwa. Lakini kwa Mswahili wa kawaida spiriti ni kile kioevu cha hospitali na cha kuwashia jiko, ambacho aghalabu hutiwa methanoli au sumu nyingine makusudi ili kisinywewe. Methanoli hugeuka mwilini kuwa asidi inayopofusha macho na kuua, na kiasi kidogo chatosha. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini Kenya, na wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Hatusemi kuwa neno ndilo lililowaua. Waliowaua ni watu waliouza sumu. Tunasema tu kwamba, pale ambapo vioevu viwili visivyo na rangi vyaweza kuwekwa kwenye rafu moja, lugha haina ruhusa ya kuviita kwa jina moja.

Liko pia tatizo dogo, lenye kuchekesha zaidi kuliko kudhuru. Jina la kileo kinachotiwa harufu ya tunda la mreteni likiandikwa kwa kufuata matamshi yetu huwa jini. Sasa mwalimu anayewaamuru wanafunzi "kuhifadhi jini ndani ya chupa na kuifunga barabara" asishangae wakimwangalia kwa mashaka. Inatosha kuongeza neno moja na kusema "pombe ya jini".

Chupa iliyofunguliwa na chupa iliyo wazi

Hali mbili huchanganywa hapa. Chupa huweza kuwa imefunguliwa mara ya kwanza, yaani lakiri yake imekatwa, kisha ikafungwa tena. Au huweza kuwa iko wazi wakati huu, haina kifuniko. Agizo lisemalo "Usiweke chupa iliyofunguliwa juani" husomwa na baadhi ya watu kwa maana ya pili, nao hudhani kwamba wakirudisha kifuniko agizo halina kazi tena. Tunashauri itumike chupa iliyokwisha kufunguliwa kwa maana ya kwanza, na chupa iliyo wazi kwa maana ya pili. Ni dhahiri kuwa tofauti hii haikuhitajika kwa kiroba, yaani kile kifuko cha plastiki cha pombe kali ambacho Tanzania ilikipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017: kikishakatwa hakifungiki tena.

Kuhusu vifaa vya kufungia, kizibo ni kile kinachosukumwa ndani ya shingo ya chupa, na kifuniko ni kile kinachoifunika kwa nje, kiwe cha kuzungusha au cha kubana. Mfasiri asije akakiita kizibo cha gome la mwaloni "koki" kwa kufuata mlio wa neno la kigeni, maana koki kwetu ni ile ya bomba la maji.

Mambo matatu yanayotokea ndani ya chupa

Kileo kilichokwisha kufunguliwa hubadilika kwa njia tatu zilizo tofauti, na kila njia yahitaji kitenzi chake.

Njia ya kwanza ni kuvukiza. Alkoholi tupu huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, ilhali maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo, hata bila ya kuchemshwa, alkoholi hutangulia kutoka. Chupa isiyofungwa vizuri hupoteza ujazo, na kile kinachobaki hupungua ukali. Katika maghala ya Scotland wiski iliyo kwenye mapipa hupungua kwa kiasi cha asilimia 2 hivi kila mwaka kwa kupenya katika mbao. Lakini kioo hakipenyeki, na chupa yenye kifuniko kinachobana hupoteza kiasi kidogo mno.

Jambo hili lina uzito kwa watumishi wa Serikali. Tuchukue mfano wa chupa ya wiski iliyohifadhiwa kuwa kielelezo cha mashtaka, au iliyoorodheshwa katika ghala la nyumba ya wageni. Baada ya miezi minane mkaguzi akuta kiwango kimeshuka. Je, taarifa iandike kuwa wiski imepungua, au kuwa imepunguzwa? Kiswahili kimetupa vitenzi viwili vilivyotofautiana kwa silabi moja tu, na katika silabi hiyo kazi ya mtu yaweza kupotea. Ikiwa kizibo kimekauka na kulegea, kuvukiza kwaweza kuwa sababu ya haki. Ikiwa kifuniko ni cha kuzungusha, kimebana, na robo ya chupa haipo, basi neno "imevukiza" ni kisingizio. Mwandishi wa taarifa asiyejua tofauti hiyo ama atamwonea asiye na hatia, ama atamfichia mwizi. Njia salama ni kuandika kilichoonekana: kiwango kwa mililita, aina ya kifuniko, na hali yake.

Njia ya pili ni kuchujuka. Hewa inapoingia katika chupa, oksijeni iliyomo huungana polepole na vitu vinavyokipa kileo ladha na harufu. Wanasayansi huita tendo hilo uoksidishaji. Wakati huo huo baadhi ya vitu vya harufu hutoroka kila chupa inapofunguliwa. Matokeo yake ni wiski iliyopwaya, isiyo na harufu yake ya awali. Uoksidishaji ni jina la tendo la kikemia na libaki katika vitabu vya kemia. Kwa matokeo yake kwa mnywaji twaona hapana neno bora kuliko kuchujuka, ambalo watu hulitumia kwa kitambaa kilichopoteza rangi. Kitambaa kilichochujuka bado ni kitambaa. Na wiski iliyochujuka haikuoza, wala haikugeuka sumu. Haikuzeeka pia kwa maana ya sifa, kwa kuwa wiski hukomaa katika pipa tu. Iliyokaa miaka 12 pipani, kisha ikakaa miaka 10 katika chupa, ni wiski ya miaka 12.

Njia ya tatu ni kuchacha. Hapa watendaji ni viumbe hai. Katika miaka ya 1860 mwanasayansi wa Kifaransa Louis Pasteur alionyesha kuwa vijidudu vinavyohitaji hewa ndivyo vinavyoigeuza alkoholi ya divai kuwa siki. Wagema wa pwani hawakuhitaji kuambiwa matokeo yake. Tembo lililogemwa alfajiri ni tamu, jioni huwa kali, na likiachwa siku kadhaa huwa siki ya kutilia kachumbari. Vijidudu hivyo haviwezi kuishi penye alkoholi nyingi. Kwa hiyo wiski yenye asilimia 40 haichachi kamwe, divai yenye asilimia 12 huchacha kwa siku kadhaa, na ulanzi, mbege na tembo huchacha upesi zaidi.

Twapenda kusisitiza kuwa kuchacha kusichanganywe na kuchachuka. Tunapendekeza kuchachuka kuwe ni kazi ya hamira inapogeuza sukari kuwa alkoholi, yaani kuzaliwa kwa kileo. Na kuchacha kuwe ni kugeuka kwake kuwa chungu na siki, yaani kufa kwake. Bia nayo ina kasoro yake ya pekee: hupoteza gesi katika saa chache. Kwa hiyo watu husema "imeisha gesi", na usemi huo ni sahihi, hauhitaji kusanifiwa.

Nafasi ya hewa si ombwe

Sehemu ya chupa iliyo juu ya kileo tumeiona ikiitwa "ombwe". Hili ni kosa la maana, si la mtindo. Ombwe ni mahali pasipo hata hewa. Sehemu ile inaonekana tupu kwa macho, lakini imejaa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoichujua wiski. Chupa iliyojaa hadi shingoni ina hewa kidogo, na wiski yake hudumu kwa miaka bila ya mabadiliko makubwa. Chupa iliyobaki na robo ina hewa nyingi kuliko wiski, na hubadilika katika miezi. Ndiyo sababu watu wenye ujuzi huyahamishia mabaki katika chupa ndogo iliyo safi. Agizo lisemalo "punguza ombwe" haliwezi kueleweka. "Punguza nafasi ya hewa" hueleweka na kila mtu. Neno ombwe tuliwekee kifaa kinachofyonza hewa kutoka katika chupa ya divai.

Mwenye kuhamisha kileo hana budi kuandika jina lake juu ya chupa mpya. Kioevu kisicho na jina katika chupa ya soda ni mtego kwa mtoto. Tena, chupa za fahari za kioo chenye madini ya risasi zisitumiwe kuhifadhia kwa muda mrefu, kwa sababu madini hayo huingia polepole katika kileo. Mfasiri aseme "madini ya risasi", ili msomaji asidhani kuwa habari ni ya bunduki.

Lugha ya mahali na halijoto

Maelezo mengi yaliyoandikwa Ulaya huagiza bidhaa iwekwe "katika halijoto ya chumba". Chumba cha nani? Aliyeandika agizo hilo alifikiria chumba chenye nyuzi 18 au 20. Mchana wa mwezi Februari mjini Dar es Salaam halijoto hupita nyuzi 30, na chumba cha Njombe mwezi Julai kina hali nyingine kabisa. Tunashauri mfasiri aombe tarakimu na aiandike. Vivyo hivyo, "mahali pa baridi" hueleweka kuwa ni ndani ya jokofu; iwapo kinachotakiwa ni kuepuka joto, basi iandikwe mahali pasipo joto wala jua. Wiski haihitaji jokofu. Baadhi ya wiski ikipozwa sana hutia ukungu, na ukungu huo hauna madhara. Lakini asiyeelezwa ataimwaga akidhani imeharibika.

Mkao wa chupa nao una maneno yake. Chupa ya divai yenye kizibo cha gome hulazwa kabla ya kufunguliwa, ili kizibo kisikauke. Ya wiski husimamishwa wima siku zote, kwa kuwa pombe kali hukila kizibo. "Kuweka vizuri" si tafsiri ya lolote kati ya hayo mawili.

Kuhusu muda, wastani unaokubalika ni huu. Divai ya kawaida iliyokwisha kufunguliwa, ikifungwa tena na kuwekwa katika jokofu, hudumu siku 3 hadi 5. Divai iliyoongezewa pombe kali, kama ile ya Porto, hudumu wiki kadhaa. Pombe kali yenye krimu ifuate tarehe iliyoandikwa juu yake, kwa sababu ina maziwa. Wiski, brandi na vodka hazina tarehe ya mwisho. Kinachopungua ni ubora wa ladha, si usalama. Kwa hiyo maneno "mwisho wa kutumia" yasiandikwe juu yake. Inatosha kusema "ladha hupungua kadiri nafasi ya hewa inavyoongezeka".

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza matumizi yafuatayo:

1. Divai: kileo cha zabibu. Neno mvinyo lisitumike katika maagizo.
2. Pombe kali, au pombe ya kukenekwa: wiski, brandi, konyagi na jamii yake. Neno spiriti libaki kwa kioevu kisichonyweka.
3. Chupa iliyokwisha kufunguliwa: iliyokatwa lakiri, hata kama imefungwa tena.
4. Kuvukiza: kupotea kwa kioevu kwa njia ya mvuke.
5. Kuchujuka: kupoteza ladha na harufu bila ya kuoza.
6. Kuchacha: kugeuka siki kwa kazi ya vijidudu.
7. Nafasi ya hewa: sehemu ya chupa isiyo na kioevu.
8. Asilimia ya alkoholi kwa ujazo: kipimo cha ukali wa kileo.

Kwa kuyatumia maneno haya, maelezo ya chupa ya wiski yaweza kuwa hivi: "Isimamishwe wima, mahali pasipo joto wala jua. Kifuniko kibanwe baada ya kila matumizi. Nafasi ya hewa ikizidi nusu ya chupa, kilichobaki kihamishiwe katika chupa ndogo yenye jina." Na ya divai: "Ikishafunguliwa izibwe, iwekwe katika jokofu, na itumike katika muda wa siku 5, kabla haijachacha." Hakuna neno hata moja humo ambalo mtunza ghala hatalielewa.

Wahenga walisema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi wafasiri tuna maji yetu: ni yale maneno mapana, kama "kuharibika" na "kuweka vizuri", ambayo huijaza sentensi bila ya kuipa ukali wowote. Wasomaji walio katika mahoteli, forodhani, mahakamani na vyuoni wanajua maneno mengi ya kazi hii ambayo hayajatufikia mezani. Tunawakaribisha watuletee, pamoja na maelezo ya namna yanavyotumika, ili yajadiliwe katika kurasa hizi.